Nataka Chaneli ya Kukaa na Mama Mkwe

Jana usiku nimekohoa mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimeshakwenda kupima. Sina kifua mimi. Nilikuwa nakohoa kwa sababu ya televisheni.

Wenye ndoa mmeshanielewa. Mama mkwe katoka Kasulu kuja kuona wajukuu, katulia sebuleni na kitenge chake, na mimi mkwe nimejibanza kule karibu na mlango kwa adabu zote. Kwenye kioo kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Binti analia, kijana anambembeleza, mara mvua ikaanza kunyesha. Kwa umri wangu, mvua ikinyesha kwenye tamthilia najua kinachofuata. Nikaanza kukohoa mapema ili sauti izoeleke. Rimoti ilishakufa: betri tumeziuma, tumezianika juani, zimegoma. Basi nikanyanyuka, nikasimama mbele ya kioo nikijifanya nakagua waya. Nimekagua waya mpaka nikasikia muziki umebadilika. Kugeuka, tangazo la kubeti. Nikashukuru Mungu. Lililofuata, dawa ya nguvu za kiume. Nikarudi kwenye waya.

"Baba Zawadi," mama mkwe akasema kwa upole, "huo waya kesho umwite fundi."

Ninachotaka si kikubwa. Chaneli moja tu ya vipindi vya zamani vya familia, vile ambavyo bibi, baba na mtoto mnacheka pamoja na hakuna anayeinamisha kichwa kutafuta kandambili. Marekani wanayo TV Land tangu 1996, na ilianza kwa kurudia vipindi vya enzi za wazazi wao. Sisi tuseme hatuna cha kurudia? Najua bara tulichelewa. Zanzibar wanaangalia televisheni ya rangi tangu 1973, sisi huku mpaka 1994 ndiyo vituo vikaanza. Lakini hata hiyo zamani fupi ina wachekeshaji na waigizaji wake. Mzee Small yupo. Mzee Majuto yupo. Kaole wapo, akina Mzee Kipara, ambao mtaa mzima ulikuwa unahamia kwa jirani mwenye kioo na watoto mnapangwa chini kwenye mkeka. Wapewe chaneli. Wengine wameshatangulia mbele ya haki, hata posho hawadai.

Kwa hiyo leo asubuhi nimevaa koti, nimekwenda Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa kijana anayelipia watu ving'amuzi. Ana dirisha la nondo, simu mbili na kofia iliyogeuzwa nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kifurushi cha familia."

"Kipo. Kina mpira wote."

"Nimesema cha familia."

"Ndiyo mzee, si familia inaangalia mpira?"

Mimi mstaafu wa reli. Nimepeperusha bendera ya kijani treni ikaondoka stesheni ya Kigoma na watu wazima ndani. Sikupandisha sauti. Nikamweleza polepole: vichekesho, maigizo, vya zamani, vya heshima.

"Zamani ya lini?"

"Ya Majuto."

"Majuto yupo YouTube."

"Mama mkwe wangu hana YouTube."

"Ana simu gani?"

"Ya tochi."

Akakuna kofia. Akapekua kwenye simu, akachangamka. "Ipo ya mambo ya zamani! Mieleka." Nikamtazama tu. "Basi chukua ya wanyama mzee. Wanyama hawana neno."

"Wewe umeoa?"

"Bado."

"Ukioa, kaa na mkweo uangalie ya wanyama. Simba dume hana habari na mkwe wa mtu."

Hapo foleni nyuma yangu imeshajaa, maana kijana huyohuyo ndiye wa luku na wa kutoa pesa. Mama mmoja muuza mawese, dumu lake chini, akaingilia: "Baba anataka kama ile ya Mkwaju."

Ndiyo ukawa mwisho wa shughuli zote Mwanga.

Maana Mkwaju, kwa nyie mliozaliwa na simu mkononi, ni dereva wa lori wa kwenye *Twende na Wakati*, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza 1993. Anaacha mke, Tunu, anatapanya mapenzi kila lori linaposimama, mpaka ukimwi unamkuta. Jioni ukipigwa, ugali unasubiri. Nikamwambia yule mama kwa heshima kwamba ule ulikuwa wa redio, hauwezi kuonyeshwa kwenye televisheni.

"Mimi nilimwona," akasema.

"Ulimwona wapi, mama?"

"Nilimwona Mkwaju. Alikuwa na sharubu."

Mzee mmoja wa baiskeli akacheka. Sharubu! Mkwaju alikuwa mfupi, tumbo mbele, shati halifungi. Mwalimu mstaafu akasema hapana, mwembamba, mrefu, na ndiyo maana wanawake walimpenda. Dereva wa bodaboda, ambaye Mkwaju anaanza kazi yeye alikuwa bado mgongoni kwa mama yake, akatoa maoni kwamba dereva wa lori lazima awe na kitambi. Nikajikuta nimevua koti. Kwa sababu jamani, Mkwaju alikuwa na mwanya. Mwanya wa juu. Mtu mwenye sauti ile anakosaje mwanya?

"Sharubu," akasema mama wa mawese, mikono kiunoni.

Tukamgeukia bwana mmoja aliyekuwa kimya, mwenye miwani, atuamulie. Akasema yeye hakuwahi kuusikia, kakulia Dodoma. Mwalimu akapiga makofi: "Eeh! Dodoma mlizimiwa!" Na ni kweli. Watafiti walitaka kulinganisha waliosikia na wasiosikia, Dodoma wakapigiwa vipindi vingine mpaka 1995. Yule bwana kasikia habari hiyo leo, kwenye foleni ya luku. Aliumia. Alituuliza Tunu mwisho wake nini, akaelezwa na watu watano kwa mpigo, matoleo matano.

Kijana kafunga dirisha. Kabandika karatasi: MTANDAO UNASUMBUA.

Sasa niambieni. Watu wazima, wenye kazi zao, mawese yanapata jua, wamesimama barabarani wanagombania sharubu za mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, miaka thelathini baadaye. Halafu mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi anaambiwa tunataka vipindi, anatuletea mvua ya Uturuki! Kanda za redio si zipo? Maigizo ya televisheni si yalirekodiwa? Mnasubiri nini, tufe wote mbaki mnabishana nyie kama Majuto alikuwa mnene? Hata usiku wa manane wekeni, tutaamka. Tumeshaamkia umeme uliorudi saa tisa usiku tukapiga pasi, itakuwa Mzee Small?

Masharti yangu kwenye hiyo chaneli ni haya: kubeti kusiwemo. Mganga asiwemo. Na taarifa ya habari isiwemo, tutaipata sokoni. Wimbo ukipigwa uwe wa dansi, waimbaji wamevaa suruali zinazofika chini. Mama Zawadi anasema hakuna atakayetangaza bidhaa humo. Nimemwambia watatangaza sabuni ya mawese, mbona soko lipo.

Anasema pia huenda chaneli ipo ila antena yetu mbovu. Antena gani, mwanamke? Dar es Salaam walizimiwa analojia usiku wa 31 Desemba 2012, na sisi zamu yetu ikafika, toka hapo ni dishi. Ile antena nilishaishusha. Mlingoti wake ndio ulikuwa wa maana, muanzi mrefu wa kwetu, nyoofu, niliulaza nyuma ya choo vizuri kabisa. Wiki hii nautafuta haupo. Nimepita Kibirizi jana nikauona, nasema niliuona kwa macho yangu, una alama yangu ya rangi nyekundu, mtu kautundikia nyavu za dagaa. Namuuliza anasema kauokota. Muanzi wa mita sita unaokotwaje?