Kufundisha kuandika ni kazi ya kila mwalimu wa chuo, sio wa komyunikesheni peke yake

Nina steshenari ndogo karibu na chuo kimoja hapa Mwanza, mwaka wa tisa huu, nachapa, naprinti, natoa kopi, nabaindi. Kwa hiyo kazi za wanachuo nazisoma kuliko watu wengi, nitake nisitake, maana mtu akikuletea karatasi za mkono lazima upite neno kwa neno. Na kuna jambo limekuwa linaniuma siku nyingi.

Msimu wa disetesheni alikuja binti mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma biashara, flashi mkononi, supavaiza kamrudishia chapta ya nne mara ya pili. Juu ya ukurasa wa kwanza kaandikiwa kwa peni nyekundu kwamba Kiingereza kibovu, rudia. Basi. Kurasa ishirini na kitu, maelekezo ni hayo tu. Risechi yake ilikuwa juu ya akinamama wauza dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba na mikopo yao, kwanini marejesho yanawashinda. Nikaisoma. Jedwali, asilimia, chini yake sentensi mbili zinazorudia zile zile asilimia, jedwali lingine. Nikamuuliza, mdogo wangu, wewe ulivyokaa pale Mwaloni uliona nini?

Akaanza kuongea. Dada, akasema, wale kina mama rejesho ni kila wiki lakini dagaa hawapatikani kila wiki, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa maana taa zao hazivuti dagaa, sasa siku zile mama hana mzigo na afisa mikopo anataka hela yake ile ile. Halafu mvua zikianza ndio balaa, aliyeanika kwenye mchanga dagaa wake wanaharibika au wanabaki na michanga, mnunuzi wa kupeleka Kongo anampita anaenda kwa mwenye vichanja. Anaongea huku ananionyesha kwa mikono jinsi wanavyogeuza dagaa juani, mama yake aliwahi kuuza pale pale. Nikamwambia sasa haya yote mbona humu hayamo? Akaniangalia. "Dada, kwani hayo yanaandikwaga?"

Lile swali sijalisahau. Mtoto yuko miezi miwili kabla ya kumaliza digrii na hajui kwamba alichokiona kwa macho yake na kukifikiria ndicho kinachoandikwa.

Watu wakisikia hivi wanasema shida ni Kiingereza. Sikatai, shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla Kiingereza mpaka chuo, inaumiza. Lakini wanakuja kwangu na wanaokiongea Kiingereza vizuri kabisa na kazi zao ni desa lile lile, limehamishwa kutoka kwa kaka aliyemaliza mwaka juzi, siku hizi limetoka ChatGPT, sentensi zimenyooka na ndani hamna mtu. Shida ni kwamba hawajazoezwa kuandika. Mwaka wa kwanza wanapewa komyunikesheni skils, barua, aya, jinsi ya kuweka rejea, imeisha hiyo. Baada ya hapo ni test za kuchagua jibu, UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ya kumwaga ulichokariri, na asaimenti za grupu ambapo majina kumi yako kwenye kava na aliyeandika ni mmoja, namjua maana ndiye anayenigongea saa nne usiku. Halafu mwaka wa tatu mtu huyo huyo anaambiwa akae peke yake aandike kurasa sitini.

Na yule mwalimu wa komyunikesheni mnamuonea bure. Atafundishaje ripoti ya maabara, uchambuzi wa kesi, na maelezo ya mahesabu kwa bosi asiyejua debiti wala krediti? Nesi anayekabidhi zamu anaandika mistari michache tu, na mistari hiyo isipoeleweka anayeumia ni mgonjwa. Kila fani ina namna yake ya kuandika na anayeijua ni mwenye somo.

Wenzetu walishahangaika na hili zamani. Uingereza, mtafiti wa elimu James Britton na wenzake wa London walikusanya maandishi zaidi ya 2,000 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 18, kutoka masomo mbalimbali, wakatoa matokeo 1975, na yale maandishi ambayo mtoto anawaza kwa kalamu, anajaribu kuelewa kitu kwa maneno yake, hayakufika hata asilimia 6. Mengi yalikuwa ya kumpa mwalimu habari ambayo mwalimu tayari anayo. Niliposoma hiyo nikaona kabisa zile karatasi ninazochapa. Marekani miaka hiyo hiyo ya 1970 vyuo vikaanza kuwakalisha walimu wa masomo yote, wa baiolojia, wa historia, wa uhandisi, wajifunze kuingiza uandishi kwenye vipindi vyao.

Najua mtaniambia madarasa yana watu mia tatu, mia tano, mwalimu atasahihisha saa ngapi. Ni kweli na walimu nawaonea huruma. Lakini sio kila kinachoandikwa lazima kipewe maksi jamani. Dakika tano za mwisho wa lekcha kila mtu aandike nusu ukurasa, leo nimeelewa nini na wapi nimekwama, hata kwa Kiswahili kama ndiko mawazo yanakotokea, mwalimu achukue ishirini tu asome, wiki ijayo aanze na pale walipokwama. Asaimenti tatu za haraka ziwe moja inayoletwa mara mbili, mara ya kwanza isomwe na mwenzako, mara ya pili ndio ya maksi. Na ukimrudishia mtu kazi mwandikie jambo moja kuhusu wazo lake, moja tu, kabla ya sarufi.

Yule binti nilimpa karatasi nyeupe nikamwambia kaandike vile ulivyoniambia, Kiingereza tutakinyoosha baadaye. Siku ya nne akaja na kurasa mbili na nusu za mkono, nikachapa, tukaziingiza kwenye chapta. Iliporudi kwa supavaiza, ile aya ya mbalamwezi imezungushiwa duara na pembeni kaandikiwa aongeze hapa, aulize wavuvi. Akanionyesha pale dukani, kidole kiko kwenye yale maneno, akasema dada toka nianze chuo hii ndio mara ya kwanza mwalimu ananiuliza kitu kwenye karatasi. Hakukaa hata kuprinti, aliacha flashi kwangu akapanda daladala ya Kirumba.