Mkungu ambao haukupigwa mnada

Huku milimani Lushoto, mkoani Tanga, kwenye mitaa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), yaani makanisa madogo yaliyo chini ya usharika, ibada haiishi kwa baraka. Inaishia nje, kwenye mnada. Mkungu wa ndizi, mayai kwenye bakuli la plastiki, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, sado ya maharage, vyote vinapangwa chini ya mti. Mzee wa kanisa mwenye sauti anataja bei, watu wanapandisha kwa mia mia huku wakitaniana, na mtu anaweza kununua mayai akayarudisha papo hapo yanadiwe upya. Ndivyo mwenye shamba asiye na hela anavyopata cha kutoa.

Jumapili moja ya Mei 2020, kwenye mtaa ulio juu ya Soni anakosali mama yangu, mnada ulikuwa mfupi kuliko kawaida. Nusu ya mazao yalishabebwa alfajiri kupelekwa kwenye nyumba ambazo wenyewe hawakuonekana kwa wiki mbili. Lilipotangazwa hilo, wengi walipiga makofi. Mhazini hakupiga. Bado nawafikiria wote, waliopiga na asiyepiga, kila ninaposikia mtu anasema kwa wepesi kwamba wakati wa korona vijiji vyetu vilijisimamia. Vilijisimamia kweli. Ila kuna gharama, na kuna waliozilipa bila kuulizwa.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokuwa, maana tumeanza kusahau. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake ikatoka amri ya kufunga shule. Vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, waliobaki 29 Juni. Hapakuwa na amri ya kukaa ndani. Makanisa na misikiti iliachwa wazi, na Rais Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa, 17 hadi 19 Aprili. Takwimu zilikoma mapema kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Kwa hiyo anayetafuta kijijini Tanga habari za kuwapelekea chakula watu waliofungiwa ndani kwa amri, kama zile za Ulaya, hatazipata. Yetu ilikuwa shida ya sura mbili: hela iliyokatika, na mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautajwi.

Hela ilikatika kimyakimya. Vijana waliokuwa wakifanya kazi hotelini Zanzibar walirudi na mabegi. Walimu wa shule binafsi walikaa bila mshahara. Karoti na kabichi zilikuwepo shambani, ila dalali aliyezoea kuja na Fuso akawa anakuja anapojisikia. Nyumba iliyotegemea elfu ishirini ya kutumiwa kwa simu kila mwezi ikawa haina kitu, na kwa nje huwezi kujua. Bati ni lile lile. Kwa nyumba ya namna hiyo, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hauna jibu la haraka. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, ikahakikiwa, ikaandikishwa. Aliyefilisika Aprili haingii kwenye orodha Mei.

Jumuiya haikuhitaji kuhakiki. Nyumba kumi, kumi na tano zinazosali pamoja kila wiki, leo kwako kesho kwangu, zinajua nani ameuza mbuzi na kwa nini. Katibu wa jumuiya ya mama yangu aliona moshi hautoki jikoni kwa bibi mmoja ng'ambo ya bonde. Siku ya pili akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akapanda. Nilikuwa nyuma yake nimebeba kuni. Aliiweka chupa juu ya kinu kilichopinduliwa uani, akarudi nyuma mpaka kwenye migomba, ndipo akaita. Walisemezana Kisambaa, nafasiri.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Nani?"

"Mie, wa ng'ambo."

"Usiingie mwanangu, kifua kimenibana."

"Siingii bibi. Uji uko kwenye kinu. Chupa nitaifuata jioni."

Chupa ndiyo ilikuwa hila yake. Kwa kuifuata jioni angejua uji umenyweka au la, bila kumuuliza mtu mzima kama ameshindwa kula. Ilirudi tupu siku ya tatu. Sijui fomu ya ofisi gani ingeweza kuuliza swali hilo kwa adabu ile.

Wala jambo hili halikuzuka 2020. Miaka ya UKIMWI, kabla dawa za kufubaza hazijafika vijijini, wagonjwa walihudumiwa majumbani na majirani waliofundishwa na makanisa na hospitali zao. Mkoa huu una Hospitali Teule ya Muheza ya Waanglikana, una Bumbuli ya KKKT. Neno "teule" lenyewe linabeba makubaliano: hospitali ni ya kanisa, serikali imeiteua ifanye kazi ya hospitali ya wilaya na inachangia kuiendesha. Kuegemeana kwa serikali na kanisa kwenye ugonjwa ni kwa zamani huku, na hakuna aliyekuona kuwa kitu cha ajabu.

Kuna na hili la kusema ukweli, ambalo tunalipa uzito mdogo. Januari 2021, wakati redio na mikutano ya hadhara ilikuwa na habari za nyungu, kujifukiza kwa mvuke, Baraza la Maaskofu Katoliki chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga lilitoa waraka kuwaonya waumini kwamba wimbi jipya lipo. Machi, Katibu wake, Padri Charles Kitima, akataja hadharani mapadri zaidi ya 25 na masista 60 waliofariki ndani ya miezi miwili, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Sisi huku ni Walutheri wengi, lakini habari ile ilifika. Mtendaji wa kijiji alikuwa bado anasema "changamoto ya upumuaji" kwa sauti ya chini, na mwinjilisti, anayeongoza ibada kwenye mtaa wetu, akasimama madhabahuni akasema korona ipo, vaeni barakoa. Wazee walivaa siku hiyo hiyo.

Lakini miguu iliyobeba uji ilibeba na kingine. Msaada mkubwa kuliko wote kijijini ni msiba: watu wanalala matanga, wanashikana mikono, wanakula sinia moja, wanawake ishirini wanasongamana jikoni kwenye moshi. Mtaa wetu uliweka kibuyu chirizi mlangoni mwa kanisa na kukataza kupeana mikono wakati wa ibada (sabuni iliisha wiki ya tatu, na sikuona ikinunuliwa tena), ila msiba haukuguswa. Nilimuuliza mwinjilisti sababu. Akaniambia, "Ukimzuia mtu kuzika leo, kesho ukimwita kuchangia hatakuja." Watu anawajua kuliko mimi, na kuhusu watu alikuwa sahihi. Kuhusu ugonjwa hakuwa sahihi. Jumuiya haiwezi kujikataza kitu kinachoifanya iwe jumuiya. Hapo anatakiwa mtu wa nje mwenye amri, na mwaka ule mwenye amri alikuwa akituambia tusiogope.

Halafu kuna daftari. Jumuiya ina daftari la majina na ahadi: nani ameahidi kutoa nini mwaka huu, ametoa ngapi. Mazao yalipogawiwa, yaligawiwa kwa kufuata daftari hilo, kwa sababu halikuwepo jingine. Sasa Lushoto ni mahali ambapo baba mdogo ni mwinjilisti na shangazi amekwenda Makka, na wote wanagombania mpaka wa shamba moja. Ukifuata daftari la jumuiya, unaruka nyumba. Waislamu walikuwa na utaratibu wao. Ramadhani ilianza mwisho wa Aprili na futari zilizunguka. Kuna nyumba zilipata ndizi za kanisa na tende za msikiti, kwa kuwa baba ni wa huku na mama ni wa kule. Nyingine hazikupata chochote: aliyehamia kukodi shamba, mlevi aliyesusiwa, na binti aliyetengwa na kanisa kwa kuishi na mwanamume bila ndoa, ambaye jina lake limekatwa kwa wino mwekundu. Hakuna aliyesema asipewe. Mkono uliishia tu pale orodha ilipoishia.

Na mhazini? Nilimchukulia kama bahili mpaka aliponikalisha chini na vitabu vyake. "Nyie mnaita msaada," alisema, "mie naita deni. Ndizi mmegawa, sawa. Mwinjilisti ananidai miezi miwili, usharika unanidai mgao wake, na bahasha zinakuja nyepesi." Hela ya mnada haikai kwenye mtaa. Inalipa posho ya mwinjilisti, sehemu inakwenda usharikani, na huko nako sehemu inapanda dayosisi. Kila mkungu usiopigwa mnada ni hela isiyoingia kwenye mlolongo huo. Ukifuata hesabu mpaka mwisho, aliyefadhili sehemu ya uji tuliopeleka ni mwinjilisti, mtu wa kipato cha chini kuliko karibu kila aliyepiga makofi, naye ana watoto wanne. Wazee wa kanisa walipitisha uamuzi kwa niaba ya Bwana Yesu, wakasahau kupitisha mwingine wa kumlipa mtumishi wake.

Bado naona uamuzi ulikuwa wa haki. Mgonjwa hangoji mwezi uishe, mwinjilisti angeweza kungoja, na aliniambia mwenyewe angekubali. Ila angeulizwa. Na waliopiga makofi wangeongeza hata mia tano kwenye bahasha, maana kumpa jirani kitu ambacho kingeuzwa kwa ajili ya mtu mwingine, huku mfuko wako ukiwa haujaguswa, ni ukarimu wa bei nafuu sana.

Kuhusu kina mama sitasema mengi. Kila mtu anajua. Walioamua ni wanaume sita kwenye benchi. Waliopika, waliochota maji na kupanda vilima na chupa ni wanawake, na katibu yule ana miaka sitini na presha.

Jambo linalonitia shaka kuliko yote lilitokea usiku mmoja wa Februari 2021. Jirani alizidiwa, akawa hawezi kumaliza sentensi bila kusimama kupumua. Simu zikapigwa, ndani ya saa moja jumuiya ikachanga shilingi 120,000, Noah ikakodiwa. Nimeishi mjini miaka mingi na sijaona jengo la ghorofa likichangishana hivyo saa saba usiku. Alifika hospitali, mtungi wa oksijeni uliokuwepo ulikuwa na mtu. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Sasa piga hesabu. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Hela ya gari la usiku mmoja ingekatia kaya nne kadi, watu ishirini na wanne wangekwenda kupimwa mapema, mchana, kwa daladala. Jumuiya ni hodari wa kuchanga jambo likishawaka moto. Kuchanga kabla hakuna mvuto. Haina mgonjwa wa kumtazama usoni. Wapo wanaosema basi kanisa ligeuke wakala wa bima, na usharika ukiandikisha kaya zake utafanya vizuri. Lakini hata ukiwa na kadi kumi, kadi haina oksijeni ndani yake. Mtungi, mashine, fundi wa kuitengeneza ikiharibika, hivyo ni vya serikali na kodi zetu, na kila tunapowasifu wanakijiji kwa moyo wao wa kuchanga, yupo mtu ofisini anayepumua kwa nafuu.

Chanjo zilipokuja (Rais Samia alizizindua 28 Julai 2021), mdomo ule ule wa jumuiya ulifanya kazi pande zote mbili. Mwinjilisti alichanjwa mbele ya watu. Wiki hiyo hiyo simu za vijana zilijaa mahubiri ya mchungaji na mbunge wa Kawe wakati huo, Josephat Gwajima, aliyekuwa akizipinga waziwazi. Katibu alizunguka nyumba kwa nyumba kushawishi, na kwenye sebule zile zile uvumi ulikuwa umeshamtangulia kukaa.

Ningekuwa na sauti kwenye benchi la wazee, ningeomba jambo moja tu lenye kuwezekana: likitokea tena, orodha itoke kwa mwenyekiti wa kitongoji, nyumba zote, na jumuiya na msikiti wagawane njia za kupanda. Kubeba wanajua. Mwaka jana nilimtajia mhazini. Akaingia ndani akatoka na daftari la zamani, lile la 2020, akanifungulia kurasa za nyuma. Kumbe katibu alikuwa ameandika humo kwa penseli kichwa "Wasio wa jumuiya", na chini yake nyumba kumi na moja. Bibi wa kinu ni wa tatu kutoka juu. Sikuwahi kujua kwamba hakuwa muumini wetu. Binti wa wino mwekundu yumo pia, wa mwisho.

Nikauliza kwa nini hayakunakiliwa kwenye daftari jipya. Mhazini akaona nimeuliza jambo la wazi mno. Daftari jipya lina safu ya ahadi, na hao hawana cha kuandikwa humo.