"Nilikuwa zamu ya usiku": utetezi unaochelewa kutajwa

Tuseme nyumba moja huko Mufindi imevamiwa saa nane usiku, ukungu umetanda, na mwenye nyumba, aliyewekewa panga shingoni, anasema alimtambua kijana wa kijiji jirani kwa mwanga wa taa ya sola. Kijana naye, siku ya kujitetea, anasema usiku huo alikuwa zamu kwenye kiwanda cha chai.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inamtaka mshtakiwa mwenye utetezi wa namna hiyo atoe taarifa kabla shauri halijaanza kusikilizwa, au walau atoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi; akichelewa, mahakama inaweza isiupe uzito. Hoja ya waendesha mashtaka ni nzito: kitabu cha mahudhurio kingekaguliwa mapema na msimamizi wa zamu angehojiwa, ilhali utetezi unaoibuka mashahidi wakishaondoka hauchunguziki, na ni rahisi kuushona ufuate ushahidi uliokwisha kutolewa.

Lakini unyang'anyi wa kutumia silaha, wenye adhabu isiyopungua miaka 30, husikilizwa hata katika mahakama ya wilaya, ambako wengi husimama kizimbani bila wakili. Kosa hilo halina dhamana, kwa hiyo kijana wetu hawezi kutoka mahabusu kwenda kufunua kitabu cha zamu, na huenda hajui kabisa kwamba kuna taarifa anayotakiwa kutoa. Naona kanuni ibaki, ila hakimu amweleze sharti hilo kwa Kiswahili chepesi siku ya usikilizwaji wa awali.

Hata utetezi huo ukikataliwa, mzigo wa kuthibitisha haumhamii mshtakiwa. Katika shauri la mtu aitwaye Waziri Amani, la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usiotegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimfahamu kabla? Kusema tu "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi. Mimi ningeanza na jirani wa kwanza kufika baada ya yowe, nimuulize kama alitajiwa jina usiku uleule, au jina lilisikika kwanza kituo cha polisi baada ya wiki nzima.