Mteja Akishika Kipanya

Hati ya mahitaji, yaani maelezo ya kile mfumo wa kompyuta unapaswa kufanya, ikisema "meneja ataidhinisha maombi ya likizo", mteja anasaini bila kusita. Igeuze sentensi hiyo kuwa skrini yenye kitufe cha "Idhinisha" uone maswali: meneja mwenyewe akiwa likizo, nani anabonyeza? Akikataa, sababu inaandikwa wapi? Aliyeomba siku 10 anaweza kupewa 6? Kwa kazi ya kufichua maswali hayo, prototaipu (mfano wa mfumo unaobonyezeka, usio mfumo wenyewe) haina mpinzani: kurasa chache za HTML na CSS, lugha za kutengenezea kurasa za wavuti, data za kubuni kwenye faili la JSON, yaani faili la maandishi yaliyopangwa, bila seva wala hifadhidata. Skrini 5 hadi 8 zinatosha. Mpe mteja kipanya, mwambie "omba likizo ya wiki ijayo", kisha nyamaza. Anapokwama ndipo penye sharti ambalo hakulitaja.

Ila prototaipu nayo inadanganya. Orodha ya safu 12 hupangika papo hapo. Ya safu 80,000 ni shughuli nyingine kabisa. Mameneja wawili wakiidhinisha ombi lilelile kwa wakati mmoja, yenyewe haina jibu. Mteja akiona skrini zimetimia, anaamini kazi imebaki kidogo, na bei aliyotajiwa inaanza kumkera. Wengi huichora kijivu, bila nembo, na kuandika "data si halisi" juu ya kila ukurasa. Inasaidia, ingawa wapo watakaotumia kikao kizima kulalamikia kijivu. (Ukiweka rangi, watajadili rangi.)

Data za kubuni zisiwe nzuri mno. Weka jina la herufi 45, jedwali tupu, mfanyakazi mwenye siku 0 zilizobaki.

Balaa kubwa ni msimbo wa prototaipu kuhamishiwa kwenye mfumo halisi kwa kuwa "upo tayari". Humo, asiye meneja amezuiwa kwa kufichiwa kitufe tu. Seva isipokagua ruhusa yenyewe, mfanyakazi anayejua kutuma amri moja kwa moja kwa seva bila kupitia ukurasa atajiidhinishia likizo.

Hati nayo bado inahitajika. Jibu la mteja liandikwe siku hiyohiyo: "Meneja akiwa likizo, ombi huenda kwa kaimu wake." Skrini itaonyesha kitufe, haitaonyesha kanuni. Na mfumo ukiwa na hesabu nyingi na skrini chache, mathalani wa kukokotoa mishahara, prototaipu ni kupoteza siku. Heri kumwomba mteja mifano 10 iliyokwisha kukokotolewa kwa mkono.