Kipimo kikikataa malaria, muulize mgonjwa analala wapi

Shangazi yangu anaishi kwenye tembe, vijijini Dodoma. Homa ilimpiga siku tatu ikaachia, akarudi shambani. Wiki haijapita ikamrudia, kichwa kinamgonga, viungo vyote vinauma. Zahanati wakampima malaria kwa kipimo cha haraka, hamna. Akapewa dawa ya maumivu. Homa ya tatu ndiyo iliyomfikisha kwa mtaalamu mmoja mzee wa maabara, ambaye kabla ya kumtoboa kidole alimuuliza, "Mama, huko nyumbani mna papasi?"

Swali hilo lilimwokoa, maana alikuwa na homa ya papasi, homa ya kujirudia inayoletwa na kupe anayejificha kwenye nyufa za nyumba, na linaniuma kwamba hakuna aliyeliuliza kabla yake. Kipimo cha haraka kimetusaidia sana, sipingi, lakini kinatafuta malaria tu. Zamani damu ikiwekwa kwenye slaidi, anayechungulia darubini aliweza kuviona na vijidudu vya homa ya papasi, vyembamba, vimejisokota kama uzi. Slaidi ikiachwa, ugonjwa huu unabaki palepale, ila hauonekani.

Papasi si kupe wa ng'ombe, ingawa ni ndugu. Kupe wa ng'ombe ana gamba gumu mgongoni na hung'ang'ania mwilini siku kadhaa. Papasi, wa familia ya Argasidae, hana gamba hilo. Ngozi yake imekunjamana, na ukimtazama kwa juu mdomo huuoni, uko chini ya mwili. Hutoka ufani usiku, akanyonya kama nusu saa, akarudi. Unaamka na alama, mwenyewe humwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuhama nyumba msimu mmoja hakumtishi. Mwaka 1905 Robert Koch, daktari Mjerumani, akiwa nchini kwetu, alionyesha kwamba vimelea hupita hadi kwenye mayai: papasi huanguliwa akiwa nao tayari. Mwaka huohuo daktari Mwingereza Dutton alifariki Kongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza, na kimelea kikaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Ninaowahofia zaidi ni wajawazito, maana homa hii huharibu mimba na huua vichanga. Na dawa si za ajabu: doksisaiklini, au erithromaisini kwa mjamzito. Ila dozi ya kwanza inaweza kumtetemesha mgonjwa vibaya kwa saa chache, kwa hiyo asipewe vidonge akaambiwa nenda nyumbani. Akae aangaliwe.

Shangazi alipopona nilikwenda kumwona. Nilichokonoa kwa kisu ufa ulio kando ya kitanda chake, wakaanguka papasi wanne, rangi ya vumbi, wametulia kama vipande vya udongo. Mmoja alikuwa ameshiba. Nilipomminya ilitoka damu nyeusi. Jioni ile tulikanda udongo tukaziba nyufa zote za chumba kile, na kitanda tukakivuta mbali na ukuta.