Boila kubwa sio boila bora

Mtu akitaka kuweka boila ya kupasha nyumba joto swali la kwanza ni hilohilo, niweke ya kilowati ngapi, na fundi naye kabla hata hajaingia chumba cha pili anajibu weka 30, au weka 35 kabisa uwe na akiba. Mimi hiyo akiba siikubali. Boila iliyoizidi nyumba inakula gesi bure na inachakaa mapema, na inaniuma kuona watu wanaongeza hela ili wapate kitu kinachowafanyia kazi vibaya zaidi.

Anza na nyumba. Kazi ya boila ni kurudisha joto linalotoroka, basi, kwa hiyo lazima ujue linatoroka kiasi gani. Chukua ukuta mmoja wa nje wa mita za mraba 20, ndani nyuzi 20, nje sifuri. Kama ni ukuta wa zamani usio na insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, na kila mita ya mraba inapitisha wati 1.5 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, hapo zinatoka wati 600. Ukuta huohuo ukiuwekea insulesheni ukashuka mpaka 0.3, zinatoka 120 tu. Fanya hivyo kwa madirisha, dari, sakafu na upepo unaopenya, kwa baridi kali ya kule unakoishi, halafu jumlisha. Nyumba nyingi za kawaida ukizipigia hesabu hazifiki hata kilowati 12, watu wanashangaa kweli.

Kama hesabu hiyo inakuchosha, tumia mita ya gesi. Siku ya baridi kali isome, kesho yake saa ileile isome tena, ikiwa gesi iliyoenda ni sawa na kilowati-saa 168 gawa kwa saa 24 unapata kilowati 7, na humo ndani kuna kupika na kuoga pia, yaani mahitaji ya joto peke yake yako chini ya hapo.

Sasa kwenye nyumba hiyo ya 7 umefunga boila ya 30 ambayo hata ikijipunguza inaishia 10. Siku baridi ikilegea nyumba inataka 3 tu. Kitakachotokea ni hiki: feni inaanza kuvuma, cheche, moto unashika, dakika chache maji yameshafika joto ulilopanga, inazima, redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopita maji ya moto, hazijakaa sawa inawaka tena, na ndo hivyo kutwa nzima. Ndo maana mimi namba ya juu iliyoandikwa kwenye boksi hainishtui, nauliza ya chini, inaweza kushuka mpaka ngapi? Ipo inayofanya 24 na ikashuka mpaka 3 au chini ya hapo, hiyo ndo ya kutafuta.

Utaniambia kombi, ile boila moja inayopasha nyumba na maji ya kuoga pia, lazima iwe kubwa kwa sababu ya shawa. Hapo una hoja, manake kombi haina tanki, inapasha maji hapohapo yanapopita, na kupandisha lita 10 kwa dakika kwa nyuzi 35 kunahitaji kama kilowati 24. Lakini kabla hujakimbilia ya kilowati 35, chukua ndoo ya lita 10, fungulia bomba la maji baridi mpaka mwisho, angalia saa. Ikijaa kwa dakika nzima basi lita 10 ndo zako, boila haiwezi kukuzalishia maji ambayo bomba la mtaani halileti.

Nyumba yenye bafu mbili na watu wanaooga kwa wakati mmoja, kombi mimi nisingeweka, weka boila yenye tanki la maji ya moto pembeni, hapo unachagua ukubwa kwa kufuata joto la nyumba bila kuhangaishwa na shawa. Ile aina ya zamani yenye matanki kule darini inafaa zaidi pale mabomba na redieta ni za kizamani na unaogopa kuzipa presha, vinginevyo sioni sababu.

Kitu kingine ambacho mafundi wanakiruka ni joto la maji yanayozunguka kwenye redieta. Boila za kisasa zinavuna joto la mvuke ulioko kwenye moshi, ila mvuke huo unageuka maji pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yako chini ya nyuzi kama 55. Ukiacha imesetiwa 80 umelipia teknolojia usiyoitumia. Shusha mpaka 60, hata 55, uone kama vyumba bado vinapata joto. Kama havipati joto la kutosha, redieta kubwa zaidi zitakusaidia kuliko boila kubwa zaidi. Ila wenye tanki angalieni, maji ya kuoga yaliyohifadhiwa yaacheni yafike 60, manake bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanapenda sana maji ya uvuguvugu.