Kabla Hujamgusa Jogoo wa Watu

Wiki hii nimeletewa tena ile meseji. Kila mbunifu wa michoro hapa Dar anaijua, maana tofauti ni jina la mtumaji tu: "Mambo, tunataka logo mpya, ya kisasa, simpo. Tupe tatu tuchague, mwisho Ijumaa." Safari hii mtumaji ana migahawa ya kuku na chipsi, matawi kadhaa mjini, na biashara inakwenda. Nikamjibu kwamba nitahitaji muda wa utafiti kwanza. Akarudisha: "Utafiti wa nini? Sisi tunauza kuku, siyo dawa."

Nikacheka, sentensi ni nzuri. Halafu hasira zikapanda, na bado hazijashuka.

Na wala si wateja peke yao. Sisi wenyewe ndio tumewazoesha. Kila mwezi kuna kijana anaweka mtandaoni "nimeibuni upya nembo ya mgahawa fulani": herufi nene, kila kilichokuwa na sura kimenyolewa, kisha nembo imebandikwa kwenye kikombe cha kahawa. Mgahawa wenyewe hauuzi kahawa. Unauza soda ya chupa na chai ya rangi. Kijana hajawahi kukanyaga pale, lakini kapata mioyo elfu moja na mtu kamwandikia "kazi safi kaka".

Agosti 2025 wote tuliwacheka Cracker Barrel. Kwa waliokuwa wamelala: hii ni migahawa ya Marekani ya vyakula vya nyumbani, zaidi ya 600, mingi ikiwa kando ya barabara kuu. Walizindua nembo mpya wakamtoa yule mzee aliyekaa kwenye kiti akiegemea pipa, wakayatoa na maneno "Old Country Store", likabaki jina tupu juu ya rangi ya njano. Hisa zikaporomoka. Trump akaandika kwamba warudishe ya zamani. Baada ya wiki moja mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake.

Funzo ambalo wengi wetu tulilichukua ni moja: Wamarekani na siasa zao. Haya, siasa zilikuwepo, sibishi. Na ni kweli pia kwamba kampuni ilikuwa na shida, wateja walikuwa wanapungua, kwa hiyo kufikiria mabadiliko hakukuwa wazimu. Lakini kuna jambo ambalo halikusemwa sana, nalo ndilo linaloniuma mimi. Wale watu walipekua historia yao. Walijieleza kabisa kwamba nembo mpya inarudi kwenye umbo la pipa na maandishi yaliyoanzisha kampuni. Yaani kabati la zamani walilifungua, na bado wakaangukia pua.

Mwaka 1969 Dan Evins, aliyekuwa kwenye biashara ya mafuta ya Shell, alifungua mgahawa wa kwanza Lebanon, Tennessee. Akili yake ilikuwa kwamba msafiri akisimama kula, atajaza na tangi. Nembo ya wakati ule ilikuwa maandishi matupu. Mzee na pipa lake waliingia mwaka 1977, mchoro wa mbunifu wa Nashville aitwaye Bill Holley. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mwaka 1977 kampuni ilikuwa na migahawa 13. Yote iliyofuata, mamia kwa mamia, ilifunguliwa mzee akiwa tayari juu ya bango. Karibu kila Mmarekani aliyewahi kula pale, aliyewahi kulala kwenye siti ya nyuma akaamshwa na baba yake kwamba tumefika, alimkuta mzee. Maandishi ya 1969 yanajulikana ofisini. Barabarani hayana mwenyewe.

Waweke pembeni yao Burger King, wale wa baga, Wamarekani pia. Nao mwaka huohuo wa 1969 walianza kutumia ile nembo ya jina lililobanwa katikati ya vipande viwili vya mkate. Ikadumu, na marekebisho madogo, hadi 1999, walipoiinamisha, wakaung'arisha mkate, wakauzungushia mkia wa bluu. Bluu! Nitajie chakula kimoja cha bluu unachokula kwa hiari yako. Januari 2021 wakatangaza kwamba wamerudi nyumbani: kampuni ya ubunifu ya Jones Knowles Ritchie ilichota kutoka kwenye ile nembo ya 1969, ikafuta bluu, ikaleta wekundu na chungwa la moto, kahawia ya nyama ya kuchoma, na herufi mpya walizoziita Flame. Hakuna rais aliyeandika kitu.

Kampuni mbili, zote zimerudi 1969. Moja imepigiwa makofi, nyingine imekimbilia shimoni. Kwa sababu miaka 30 ya ule mkate ilikuwa imeshaota mizizi vichwani mwa watu wazima waliokula pale wakiwa watoto, na miaka minane ya maandishi ya Tennessee haikuota popote. Huu ndio utafiti ninaoupigia kelele. Kujua nembo zako za zamani ni kazi ya nusu siku, hata karani anaiweza. Kazi ni kujua ipi kati ya hizo imehama kutoka kwako ikawa mali ya wateja. Hilo halimo kwenye kabati lolote.

Na hulipati kwa kuuliza watu "unaipenda?" Mkurugenzi wa Cracker Barrel alikwenda kwenye televisheni akasema maoni wanayopata ni mazuri mno. Namwamini. Mpe mtu yeyote soda ya bure, muoneshe karatasi yenye logo mpya, muulize. Atasema nzuri. Sisi ndiyo kabisa, tulilelewa tusimvunje moyo mgeni. Cha kufanya ni kumtazama anavyoitumia nembo wakati hajui kama unamtazama.

Huyu mteja wangu sikumsikiliza. Nilikwenda kwenye tawi lake moja mchana, nikaagiza, nikakaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Juu ya mlango kuna jogoo aliyechorwa kwa mkono na mchoraji wa mabango, zamani, kwa rangi ya mafuta. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Jicho limekaa karibu na shingo. Jina rasmi la mgahawa liko chini yake, la Kiingereza, refu, na katika muda wote ule sikumsikia hata mtu mmoja akilitamka. Kijana wa bodaboda alikuwa anaelekeza mtu kwenye simu: "Njoo hapa kwa Jogoo Mguu." Daladala ikapita, konda akauliza ndani, "Jogoo wapo?", mama mmoja akajibu, "Shusha." Dada wa kaunta anapokea oda kwa simu anasema, "Jogoo hapa, karibu." Tawi lenyewe linajiita Jogoo!

Mnaelewa hicho ni kitu gani? Kuna makampuni yanamwaga mamilioni redioni kila siku na konda hayajui. Sinza mpaka leo kuna watu wanashuka Kona Baa, kituo kilichobeba jina la baa. Na mwenye mali, ambaye amepewa kituo cha daladala bure, anamuonea haya jogoo wake. Anataka herufi mbili ndani ya duara, "kama za nje".

Jogoo abaki. Mnyooshee mistari, mchoree upya jicho, mpunguzie rangi ili akae hata kwenye risiti na kwenye mfuko wa kaki unaochapwa kwa rangi moja. Mguu usiuguse.

Mengine nayataja haraka. Tembea matawi yote uone jua limefanya nini, maana nyekundu ya bango la Dar hailali nyekundu muda mrefu, inaishia waridi. Fikiria rangi kabla ya kuzipenda: kijani na njano utasikia umefungua tawi la CCM au la Yanga, na nyekundu na nyeupe subiri Mwanayanga akuulize kama kuku ni wa Msimbazi, yaani wa Simba. Anaota kufungua Nairobi? Kule jogoo ni unga wa ugali na ni alama ya chama cha KANU, kwa hiyo mapema mjadiliane. Anaota kufungua Unguja? Alama iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, inaishia bara, Zanzibar wana usajili wao.

Najua mtaniambia kuna wakala wanautumia utafiti kula hela za watu. Ni kweli, nimewaona. Wanaleta kurasa themanini zinazosema vijana wanapenda vitu vyenye uhalisia, na ukurasa wa mwisho ni ankara. Huo sio ninaouzungumzia, na aliyeulipia namwonea huruma kidogo tu. Na ndiyo, mama mwenye banda moja la chipsi mayai hahitaji lolote kati ya haya. Anahitaji mtu wa kumwandikia bei vizuri.

Lakini wewe una matawi. Siku ukibadilisha logo utabadilisha mabango ya taa, sare, fulana za wapishi, mifuko, maboksi ya bodaboda, karatasi za kufungia na ukuta uliolipiwa kibali. Hesabu hiyo yote umeikubali bila kuuliza. Kipengele kimoja tu ulichokipiga mstari ni siku zangu za utafiti.

Vijana wenzangu wa kazi hii, mkikutana na bosi wa namna hiyo msibishane naye kwenye WhatsApp. Nendeni mkale pale, mkae, mfungue masikio. Nusu kuku, chipsi, kachumbari ya ziada. Risiti ombeni, iingie kwenye ankara.